Mkate na Kilichomo

Msomaji, je, wajua kupima chakula kama upimavyo hadithi? Sandwichi ilipata jina kwa John Montagu, bwana mkubwa wa Sandwich huko Uingereza katika karne ya 18. Lakini jina kubwa halishibishi. Vipande viwili vya mkate mkavu vilivyopakwa siagi haba ni kama kitabu chenye jalada zuri kisicho na kisa.

Sasa itazame rolex, iliyotoka Uganda ikafika hata kwetu Kanduyi, kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Jina lake latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Mayai hukaangwa pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi, chapati ikalazwa juu yake, vikashikana, kisha vikaviringishwa. Hapo ganda na kiini huwa kitu kimoja. Kasoro yake ni mafuta mengi, nayo ikipoa hulegea. Ya nyumbani waweza kuipunguzia mafuta, na ya njiani uile ingali moto.

Basi usikidharau chakula kwa kuwa chauzwa njiani, wala usikisifu kwa kuwa chaletwa kwa sahani. Onja kwanza, ndipo uhukumu.