Fuwele Inayopumua

Kukaza kiungo, fundi yeyote anaweza. Kujua ni kipi kiachwe kicheze, na kicheze kwa kiasi gani, hiyo ni kazi ya bingwa, na kwangu mimi hakuna walioionyesha vizuri kuliko wakemia wa fuwele zinazonyumbulika.

Fuwele hizi hujengwa kwa ioni za metali zilizoshikanishwa kwa molekuli za kaboni, na ndani yake hubaki vyumba vitupu visivyoonekana kwa macho, safu kwa safu. Humo ndimo gesi hujibanza. Mwaka 1999, mkemia Omar Yaghi alitangaza MOF-5, ya zinki, ambayo gramu moja tu ina kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba zipatazo 2,900. Ni kazi ya kuheshimiwa, na imara. Hata hivyo, mapenzi yangu yako kwa waliothubutu kulegeza.

Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha mwaka 1997 fuwele yenye vinyweleo vilivyopokea methani, naitrojeni na oksijeni. Wafadhili hawakuona maana yake. Zeolaiti, fuwele ngumu zenye vinyweleo, zilikuwepo tayari na zilifanya kazi hiyo. Mwaka uliofuata akaeleza kwamba fuwele za aina yake zingeweza kunyumbulika, jambo ambalo zeolaiti, kwa ugumu wake, haziliwezi.

Huko Versailles, Ufaransa, Gérard Férey na wenzake walitengeneza MIL-53. Itazame kwa karibu. Ni minyororo ya kromu iliyounganishwa kwa asidi ya tereftaliki, ileile inayotumika kutengeneza chupa za plastiki za maji. Ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani, na molekuli za maji huzivuta kuta zikasogeleana. Ipashe moto: maji hutoka, vyumba vinatanuka tena. Ipe kaboni dioksidi: kwanza hujibana kuishika, halafu mgandamizo ukiongezeka hufunguka kupokea nyingine. Na katika kwenda na kurudi huko kote, hakuna kiungo kinachokatika. Wakemia wenyewe husema inapumua.

Faida ya kupumua huko iko kwenye tangi la gesi. Teksi na bajaji za gesi pale Dar es Salaam hubeba methani katika mitungi mizito, kwa mgandamizo wa takriban baa 200. Vinyweleo vingeweza kupunguza mgandamizo huo sana, ila fuwele ngumu haiachii kirahisi: tangi likikaribia kuisha, gesi nyingi hubaki imenata ndani, na injini haiipati. Mwaka 2015, kundi la Jeffrey Long huko Berkeley lilionyesha fuwele ya kobalti inayojifunga ikiwa tupu, inayofunguka methani inapofika takriban baa 16, na inayojifunga tena mgandamizo ukishuka, ikiisukuma gesi nje. Zaidi ya hapo, gesi inaponata hutoa joto, na joto hupunguza uwezo wa kuhifadhi. Lakini kule kufunguka kwenyewe hula sehemu ya joto hilohilo. Matatizo mawili, mkunjo mmoja. Ufundi wa namna hii nausifu bila kujizuia.

Mwaka 2025 Kitagawa na Yaghi, pamoja na Richard Robson wa Melbourne, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Férey alikuwa amefariki mwaka 2017. Anayesimulia habari za fuwele hizi asiliache jina lake nje.