Karata Zisizo na Shangazi

Kwa miezi kumi na moja nilianza siku kwa kuchomoa karata. Kabla ya simu, kabla ya chai, nakaa kitandani, nachanga, nachomoa moja, nasoma maneno yake mawili matatu, kisha naandika daftarini nia yangu ya siku. Seti yenyewe sitaitaja jina. Niliazimwa na rafiki na sijairudisha mpaka leo. Ina picha za mbalamwezi, nyangumi, na wanawake wenye nywele ndefu ambao hawaonekani kuwa na haraka ya kwenda popote.

Si taroti, na wengi huchanganya. Taroti ina utaratibu wake: karata 78, 22 kubwa na 56 ndogo. Ile inayojulikana zaidi ilitolewa London mwaka 1909, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na michoro ya Pamela Colman Smith. Humo kuna Kifo juu ya farasi, kuna mnara unaopigwa radi, kuna mtu amelala kifudifudi na mapanga kumi mgongoni. Ukichanga, unachanga pamoja na hayo. Karata za ujumbe, zile ziitwazo orakoli, hazina sharti hilo. Mtungaji anaamua mwenyewe idadi, picha na maneno, na watungaji wengi wameamua kuyaondoa mapanga. Mmoja wa waliozieneza sana ni Mmarekani Doreen Virtue, kwa karata zake za malaika. Mwaka 2017 alitangaza kwamba ameokoka, akazikana, akawasihi watu waache kuzitumia. Watu wakabishana kama malaika wale walikuwa wa kweli. Sikuona wengi wakiuliza swali ninalolijali mimi: karata za aina hii zimeandikwaje?

Mimi mwenyewe nisingeuliza kama marafiki wawili wasingeniomba niwatafsirie zangu kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nikaanza: Jipende. Jiamini. Jipe muda. Jisamehe. Jiruhusu kupokea. Jiachie. Nilipofika kama ya ishirini nikaanza kucheka peke yangu. Kwa Kiingereza jambo hili limejificha vizuri, lakini kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendwa wake tumboni, na mtendwa alikuwa yuleyule kila mara. Ji-, ji-, ji-. Hakuna -m-, hakuna -wa-. Katika seti nzima hakuna mtu wa tatu. Kuna wewe, kuna ulimwengu unaokupenda, basi.

Kicheko kilikatika nilipofungua daftari ili nilinganishe tafsiri na karata nilizowahi kuchomoa. Miezi mitatu nyuma, shangazi yangu alikuwa mgonjwa Pangani. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti, mfupi kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi: "Mwanangu, unakuja lini?" Kutoka Dar ni safari ya siku moja ukiwahi basi la asubuhi. Daftari la wiki zile linasomeka hivi. Jumatatu: Jipe muda. Nia: utulivu. Jumanne: Linda nguvu zako. Nia: mipaka. Alhamisi: Kila kitu kina wakati wake. Nia: kuamini. Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko mzuri, wino wa zambarau. Jina la shangazi halimo hata mara moja.

Nilifika wakiwa wameshazika.

Karata hazikunizuia kupanda basi. Niliogopa kumwona alivyokonda, na woga ule ningeupatia kisingizio hata kwenye kalenda ya benki. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza maandishi yanarahisisha nini, na haya yalikuwa yakinirahisishia kutokwenda. Karata isiyoweza kukukatalia itakubaliana na lolote ulilokuwa umeshalipanga. Ukipanga kukaa, inakubariki ukae.

Linaloniuma zaidi ni neno lenyewe, nia, kwa sababu shangazi ndiye aliyenifundisha. Usiku wa kuamkia Ramadhani alitukalisha watoto kwenye mkeka tunuie, na hakukubali nia ya jumla. Unanuia nini? Kufunga. Lini? Kesho. Funga ipi? Ya faradhi, ya mwezi huu. Kisha saa kumi alfajiri anakuja kukutikisa mguu ule daku, na hapo ndipo ilipojulikana nani alinuia na nani alikuwa anaimba. Kwake nia ilikuwa na kitenzi na saa. Zangu zote ni majina: utulivu, wingi, uwazi, shukrani. Huwezi kumtikisa mtu mguu alfajiri ukamuuliza wingi wake umefikia wapi.

Angejua nina karata hizi angezitupa baharini. Kwake, kutazamia ni kutazamia, iwe kwa karata au kwa ramli. Sitetei ramli, lakini nikiipima kama maandishi, naiona imekomaa kuliko seti yangu. Ina maumbo 16 yanayojengwa kwa nukta, na mengine ni mabaya, yanasemwa kuwa mabaya. Na mpiga ramli ni nadra akuache uondoke mikono mitupu: toa sadaka, nenda kamtake radhi fulani. Huyo fulani ndiye niliyemkosa.

Kuna seti moja ya kigeni inayonipa moyo, nayo haina malaika wala mbalamwezi. Mwaka 1975 mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt, huko Uingereza, walitoa kisanduku cha karata zaidi ya 100 kiitwacho Oblique Strategies, kwa ajili ya wasanii waliokwama. Zake nyingi ni amri au maswali ya kazi, kavu, mara nyingine za kuudhi. Mojawapo inakutaka uliheshimu kosa lako kana kwamba lilikuwa nia iliyofichika. Eno alizipeleka studio alipofanya kazi na David Bowie, na mchezo wa namna hiyo unasikika katika "Boys Keep Swinging" ya mwaka 1979: mpiga gitaa Carlos Alomar alikalia ngoma, mpiga ngoma Dennis Davis akashika besi. Ngoma zinayumba kidogo, na wimbo unasimama kwa sababu hiyo. Karata ya namna hii inakuondoa kwenye kiti chako. Zangu zilikuwa zinaniongezea mto.

Nilimsomea rafiki yangu muuguzi rasimu ya makala hii. Hakufurahi. Alisema yeye siku nzima ni -m- na -wa-: mgeuze, wape dawa, mwite daktari, nyumbani wapikie, waogeshe. Karata inayomwambia jipumzishe ndiyo sauti pekee katika saa ishirini na nne inayomkumbuka yeye. Nilinyamaza, maana ana haki. Labda seti ileile ni dawa kwake na kwangu sukari, na watungaji wangetutendea wema kama wangekiri kwamba hawajui nani anachomoa. Lakini hata yeye, nilipombana, alikubali kwamba angependa angalau karata moja iseme Hapana.

Sasa nina seti yangu. Nimeikata kutoka kwenye kadi za michango ya harusi, ambazo kwa mtu wa umri wangu Dar haziishi. Upande mmoja una maua ya dhahabu, mwingine nimeandika kwa kalamu ya kawaida. Zipo 26 mpaka sasa. Mpigie. Waulize. Mwambie hujui. Mlipe. Hapana. Moja tu nimeiacha na ji-, kwa heshima ya muuguzi. Nachomoa asubuhi kama zamani, na mkono unatetemeka kidogo, jambo ambalo zile za nyangumi hazikuwahi kunifanyia.

Leo imetoka Mrudishie. Nimezunguka jikoni nikitafuta sufuria ya jirani, nikaipata, nikaiosha, ndipo nikakumbuka karata zenyewe si zangu.