Kuamsha, Kuchochea, Kutia: Juu ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Wengi wetu husoma theolojia kwa Kiingereza na kuhubiri kwa Kiswahili. Kati ya meza ya kusomea na mimbari maneno hubadilika, na pengine fundisho nalo hubadilika. Katika makala hii fupi tunakusudia kupima kitenzi kimoja tu, "arouse", ambacho kwa kawaida tumezoea kukifasiri "amsha". Tunaona kwamba tafsiri hiyo peke yake haitoshi, na kwamba upungufu wake unagusa imani yenyewe.

Kitenzi hiki kimejengwa juu ya kingine cha zamani zaidi, "rouse", ambacho wawindaji walikitumia kwa maana ya kumkurupusha mnyama kutoka machakani. Katika Kiingereza cha leo kinabeba mizigo mingi. Aliyelala usingizi huamshwa kwa kitenzi hicho. Vivyo hivyo shaka, hasira, huruma, na hata ashiki ya mwili. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba hisia zimelala ndani ya mtu, zikimngoja wa kuzishtua.

Kiswahili kina njia nyingine. Neno baya hutia shaka. Msiba hutia huruma. Rafiki hututia moyo. Kinachotiwa hutoka nje. Tena tunasema kuchochea, yaani kusukuma kuni motoni: hasira huchochewa, na fitina pia. Lakini hachochei mtu pasipo na moto. Kuamsha, kwa asili yake, ni kwa mtu aliyelala. Ni kweli kwamba siku hizi twasikia pia "kuamsha hisia". Hata hivyo msemo huo haujafuta tofauti tuliyoitaja.

Watafsiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 waliitumia tofauti hiyo vema. Katika Wimbo Ulio Bora 2:7, Kiebrania kinarudia mzizi mmoja kwa maumbo mawili. Wao wakaweka kuchochea na kuamsha. Katika 2 Timotheo 1:6 wakaweka kuchochea, kwa kuwa kitenzi cha Kiyunani ni cha kufufua moto. Karama ile ilikuwa imekwisha kutolewa kwa kuwekewa mikono. Timotheo haambiwi aizalishe. Lakini katika Waefeso 5:14 anayeitwa aamke ni mtu mwenyewe, na kitenzi cha Kiyunani kinachotumika hapo ndicho kinachotumika pia kwa kufufuka kwa Bwana wetu. Huyo hakusinzia tu. Alikuwa miongoni mwa wafu.

Basi tuangalie yanayotokea mwanafunzi anaposoma kwamba mahubiri yapaswa "to arouse" imani, naye akaandika "kuamsha imani". Bila kukusudia amefundisha kwamba imani imo tayari ndani ya mwanadamu wa asili, imelala tu, na kwamba mhubiri mwenye sauti kubwa aweza kuikurupusha. Paulo hakufundisha hivyo; kwake imani chanzo chake ni kusikia (Warumi 10:17). Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha tano, linakiri kwamba Roho Mtakatifu huleta imani mahali na wakati apendapo Mungu, ndani yao waisikiao Injili. Hapa lugha yetu inalinda fundisho kuliko Kiingereza: imani hutiwa. Ikiisha kutiwa, yaweza kuchochewa.

Hatusemi haya ili kudharau Uamsho. Ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na Buhaya, uliwaita watu kwenye toba na kuungama dhambi. Ulistahili jina lake, kwa maana walioamshwa walikuwa watu. Wala shida ya kupambanua si yetu peke yetu. Baada ya uamsho wa Marekani wa miaka ya 1740, Jonathan Edwards, aliyeutetea, aliandika kitabu mwaka 1746 akionyesha kwamba ukali wa hisia peke yake hauthibitishi kuwapo kwa neema, wala haukanushi. Alitaka matunda ya maisha yatazamwe.

Ushauri wetu kwa wenzetu ni huu. Tukutanapo na kitenzi hicho vitabuni, tusikimbilie "amsha". Tuulize kwanza: je, kinasemwa juu ya kitu kinachotolewa na Mungu, juu ya moto uliokwisha kuwashwa, au juu ya mtu aliyelala? Swali hilo hilo tulichukue hadi mimbarini. Machozi ya washarika baada ya mahubiri yaweza kuwa ni matunda ya Neno. Yaweza pia kuwa ni kazi ya kipaza sauti. Kuchochea hisia kuko ndani ya uwezo wetu, na kwa sababu hiyo tunalipenda. Kuwaamsha waliokufa hatujapewa; tumepewa Neno ambalo kwa hilo Mungu huwaamsha.