Ufundi wa Kuhitimisha

Msikilize msemaji wa midahalo ya siku hizi. Atataja bei ya mafuta, atataja heshima ya wazee, kisha atatamka "kwa hiyo" na kukuomba kura. Huenda yote aliyosema ni kweli, ila hakuna lililozaa jingine. Waliotuachia methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu hawakubandika maneno hivyo: wingu na mvua vina mnasaba.

Ajabu ni kwamba mantiki iliyozoeleka vitabuni huwatetea wabandikaji. Kwake, "Ikiwa Mombasa iko Uganda, samaki hupanda minazi" ni kweli, kwa sababu tu Mombasa haiko Uganda. Na penye ukinzani mmoja, hukuruhusu kuhitimisha lolote utakalo.

Walikuwapo mafundi waliokataa. Mrusi Ivan Orlov alitangulia mwaka 1928. Mjerumani Wilhelm Ackermann akaja 1956. Kisha Wamarekani Alan Ross Anderson na Nuel Belnap wakaijenga mantiki ya mnasaba hadi kitabu chao, Entailment, kikatoka 1975.

Ninachokipenda zaidi kwao ni kijinamba. Kila dhana inayoingia kwenye uthibitisho hupewa namba yake. Dhana ya 1 ikitumiwa juu ya dhana ya 2 na kuzaa sentensi mpya, sentensi hiyo hubeba namba zote mbili, na mzigo huo hurithiwa mstari kwa mstari. Ukitaka kufunga kwa kusema "ikiwa hili, basi lile", fundi hukagua: namba ya hili imo katika lile? Kama haimo, hufungi. Dhana iliyoketi bila kufanya kazi haipewi sehemu ya mavuno.

Gharama yake ni kubwa. "Ama hili au lile, si hili, basi ni lile": hata hatua hiyo, anayoijua kila mtoto, ilivuliwa uhalali. Na Richard Routley na Robert Meyer walipoitafutia mantiki hiyo ya mnasaba maana mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa uhusiano wa pande tatu, wakosoaji waliuliza kama hiyo ni maana au hesabu tupu. Jibu linaloniridhisha ni la wanaoziona pande hizo kuwa ni taarifa: moja, ikitumiwa juu ya nyingine, huzaa ya tatu.

Leo hoja hupimwa kwa makofi. Adabu iliyokuwa ya kila baraza tumewaachia wanamantiki wachache, na hao nao hawasomwi sana. Zamani mzee mmoja tu angemkatiza msemaji: "Hilo limetoka wapi?" Na msemaji angelazimika kurudi nyuma akaonyeshe.