Heko kwa Wasimamizi wa Seva

Tangu Sun Microsystems ilipotengeneza NFS mwaka 1984, kompyuta nyingi zimeweza kutumia folda moja kupitia mtandao. Ugumu uko hapa: katika mpangilio wake wa kawaida, seva haitazami jina lako, hutazama namba. Mtumiaji 1001 wa kompyuta hii anaweza kuwa mtu mwingine kabisa kwenye ile. Msimamizi makini huzioanisha namba hizo mapema, na folda ya mishahara huipa ruhusa ya 750: mwenyewe aandike, kikundi kisome, wengine wasiingie kabisa. Angeweza kuweka 777, kila mtu afungue kila kitu, na malalamiko ya wanaozuiwa yakaisha asubuhi hiyo hiyo. Hakubali. Huketi akatafuta ni ruhusa ipi hasa inayokosekana, huku simu zikiita. Uvumilivu huo nauheshimu sana.