Besi Isiyotoka Nyuma

Fundi mzuri wa muziki wa gari akiletewa Noah yenye sabufa mpya, huanza kwa kuzima. Besi na trebo za redio anazirudisha sifuri, swichi ya kuongeza besi kwenye amplifaya anaishusha, kisha anachomoa waya wa sabufa kabisa. Dereva wa njia ya Nyakakika, aliyeteremsha abiria na magunia yao ndipo akaja, anashika kiuno. Fedha ya msimu wa kahawa imeishia kwenye boksi la inchi 12, na sasa gari linalia kama redio ya mkulima.

“Kaka, mbona umeua muziki?”

“Tulia, bosi wangu.”

Mafundi wa aina hii utawakuta Kayanga na Omurushaka kama utakavyowakuta Kariakoo. Kupitisha waya chini ya zulia na kufunga boksi lisicheze ni kazi inayoonekana, na mteja huilipia bila ubishi. Ninayoihusudu mimi ni ile inayofuata, ya bisibisi ndogo na masikio: kupanga krosova, mpaka wa sauti kati ya spika na spika.

Ubavuni mwa amplifaya kuna vifundo viwili vya kuzungusha. Kilichoandikwa LPF huruhusu sauti nzito na kuzuia nyembamba. Cha HPF hufanya kinyume chake. Fundi anaanza na hicho cha pili, kwenye spika za mlango, na hapo ndipo ujuzi unapojitenga na ushabiki. Spika ya inchi 6 na nusu haikuumbwa kupiga besi ya chini. Kila sauti inaposhuka oktava moja (nusu ya Hz zake) kwa nguvu ile ile, koni yake hulazimika kusafiri mara nne zaidi. Kutoka 160 Hz hadi 40 Hz ni mara 16. Koni inayohangaika hivyo ndiyo hiyo hiyo iliyobeba sauti ya mwimbaji, kwa hiyo mwimbaji naye anatetemeka. Ukiikata kwenye 80 Hz, mlango unatulia na maneno yanasikika. Twita nayo ina ulinzi wake, mara nyingi kapasita moja tu: ya maikrofaradi 4.7 kwenye twita ya omu 4 huanza kukata chini ya 8,500 Hz hivi. Ukikuta twita zinaungua kila mara, tazama kama kuna mtu aliyeiruka kapasita hiyo akidhani ni pambo.

Kwa nini 80? Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 4.3 hivi, karibu Noah nzima kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na kwa mawimbi marefu namna hiyo sikio halijui vizuri sauti imetokea upande gani. Sabufa ikibaki chini ya hapo, boksi linaweza kukaa buti na besi ikasikika kana kwamba inatoka kwenye dashibodi pamoja na gitaa. Ukiipandisha hadi 150, siri inafichuka: sauti ya mwanamume inapasuka vipande viwili, kimoja mbele, kingine nyuma ya viti.

Ila krosova haikati kama panga. Inateremka, na juu ya mpaka wake sabufa bado inanong’ona. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz alichapisha mpango aliobuni na mwenzake Russ Riley: mahali spika mbili zinapokutana, kila moja itoe nusu ya shinikizo la sauti, ili zikijumlishwa zipate moja kamili. Amplifaya nyingi za bei yetu hazina mpango huo. Fundi anaukaribia kwa sikio, akiurudisha waya wa sabufa, akiishusha hadi 70 na kuupandisha mlango hadi 90, kisha anageuza swichi ya fezi huku amekaa kiti cha dereva. Besi ikinenepa, spika zinasukuma hewa pamoja; ikikonda, zinapingana.

Wengi hujaribia bongofleva. Mimi ningechagua nanga, ile ala ndefu ya Wahaya na Wanyambo ambayo Profesa Mulokozi aliitafiti, kwa kuwa ni nyuzi na sauti ya mtu tu, bila dramu. Sabufa iliyopangwa sawasawa haina cha kufanya hapo. Ikinguruma wakati mzee anaimba, imeingia kazi isiyo yake. Taarifa ya habari ya Radio FADECO inatosha pia: mtangazaji asiwe na kifua kikubwa kuliko alichopewa.

Halafu kuna barabara. Mngurumo wa matairi kwenye changarawe umejaa sauti nzito, nao huimeza besi. Kwa hiyo mpango uliofanywa gari limesimama haujamalizika. Fundi hupanda, anazunguka na dereva, anaikaza namba ya gari inayogonga, anaongeza nguvu ya sabufa kidogo. Mpaka wa 70 haugusi, maana kelele ya njia inadai besi zaidi, haidai besi ya juu zaidi.

Dereva bado atataka muziki wa kutikisa vioo vya maduka. Anafungiwa kifundo cha kuongeza besi chini ya usukani, azungushe atakavyo akifika stendi. Vile vya krosova vinadondoshewa rangi ya kucha, bisibisi nyingine ikipita ijulikane.