Mbao Kwanza, Mataruma Baadaye

Ukishuka garini Tana Beru asubuhi, masikio hufika ufukweni kabla ya macho. Nyundo ya mbao inagonga kigingi, msumeno wa injini unalia mahali fulani nyuma ya nyumba, kisha kimya, kisha mtu anacheka. Unapita kichochoro baina ya nyumba mbili zilizosimama juu ya nguzo, kuku wanakukimbia, na pale ulipotarajia kuiona bahari unakuta ubavu wa jahazi. Umeziba upeo wote. Juu kabisa, miguu miwili ya mtu inaning'inia, na moshi wa sigara unashuka ukiwa na harufu ya karafuu. Mimi niliyezoea kuisikia harufu hiyo kwenye majamvi ya Unguja na Pemba nilisimama kidogo. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya hapo. Ukaja kwetu, na kwa miaka mingi karafuu zetu zikarudi Indonesia kwa shehena ili zivutwe ndani ya sigara zao.

Watalii wengi huupita mji huu wakielekea Bira, mwendo mfupi mbele, penye mchanga mweupe laini kama unga na vyumba vinavyotazama maji. Husimama Tana Beru dakika kumi, hupiga picha, huondoka. Ushauri wangu ni kinyume. Kalale Bira ukipenda, kaogelee jioni, lakini mchana wako ulete hapa. Ufukwe mzuri tunao. Ufukwe ambao majahazi makubwa yamejipanga moja moja, hili likiwa mkuku mtupu, lile limefika kiunoni, la tatu limekamilika na linangoja maji, huo nimeuona mmoja tu.

Njia ni hii. Ndege hadi Makassar, kisiwani Sulawesi, kisha barabara ya kusini inayopinda kuelekea mashariki: Takalar, Jeneponto, Bantaeng, Bulukumba, halafu Tana Beru. Ni kama kilomita 175. Hesabu saa tano, na nyingine ya kungoja gari lijae, maana magari ya abiria ya huko yana tabia ya daladala: hayafuati saa, yanafuata watu. Usisinzie ukifika Jeneponto. Nchi inakauka ghafla, mivumo inasimama peke yake mashambani, mashamba ya chumvi yanameremeta kando ya njia, na kuna farasi wadogo ambao wenyeji huwapanda, huwabebesha mizigo na, siku yao ikifika, huwala.

Lugha isikutishe. Anayekuuliza “apa kabar?” anakuuliza habari, kwa neno lile lile la Kiarabu lililotua kwetu. Sabuni ni sabun, wakati ni waktu, dunia ni dunia, na bendera ni bendera, tuliyoachiwa sote na Wareno. Na anayeongoza chombo ni nakhoda. Nilipolisikia neno hilo ufukweni kwa mara ya kwanza niligeuka nikidhani kuna Mswahili nyuma yangu. Majumbani watu huzungumza Kikonjo, na huko kabar haitakufikisha mbali. Lakini salamu ya Kiislamu inafungua mlango wowote, na viatu unaviacha chini ya ngazi bila kuambiwa.

Katika Kikonjo chombo ni lopi, na bingwa wa kukiunda ni panrita lopi. Panrita ni mtu mwenye elimu, mtu wa kuendewa na swali. Nililipenda neno hilo kwa sababu na sisi “fundi” yetu ni jirani wa kufunda na kufundisha, ingawa siku hizi tumeishusha hadi mtu anayeziba bomba linalovuja. Wilaya nzima ya Bulukumba hujiita Butta Panrita Lopi, yaani nchi ya mabingwa hao.

Basi ubingwa wenyewe uko wapi? Uko katika mpangilio. Wazungu waliojenga merikebu kwa michoro walisimamisha mifupa kwanza, kisha wakaivika ngozi. Tana Beru ngozi ndiyo inayotangulia. Mkuku unalazwa, fashini zinasimamishwa mbele na nyuma, kisha ubao unapandishwa juu ya ubao, ukingo kwa ukingo, na kuunganishwa kwa vigingi vya mti mgumu vinavyozama ndani ya unene wa mbao zote mbili, visionekane tena. Baina ya kingo hulazwa ukanda wa gome la mti, ambao ukinywa maji utavimba na kuziba. Chombo kinapanda kama chungu mikononi mwa mfinyanzi, tupu ndani. Ndipo mataruma yanapochongwa kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulikubali. Kwa Kiindonesia taruma ni gading, na neno hilo ndilo la pembe ya ndovu. Ukiyaona yamelala mchangani yamejikunja, yanangoja zamu, huhitaji kuelezwa.

Nilimwuliza mzee mmoja mchoro uko wapi. Akagusa paji la uso wake. Jibu hilo nadhani huwapa wageni wote, nao huondoka wameridhika. Alipoona mimi sijaondoka akanishika mkono hadi ubavuni mwa chombo kilichofika mbao saba. Kila ubao, alisema, una pahala pake katika mfuatano, na kila kigingi kina pahala pake katika ubao. Kwa nini? Kwa sababu mataruma yatakapoingia, yataingia na vigingi vyake, navyo vitaupenya ubao huo huo kutoka upande mwingine. Kigingi kikikutana na kigingi, ubao umepata kidonda, na bahari hutafuta vidonda. Akaweka kiganja juu ya mbao, mahali pasipo alama yoyote. Hapa pana taruma, akasema. Akasogeza kiganja hatua moja. Na hapa.

Hapakuwa na taruma. Lingefika baada ya miezi. Nimesoma mara nyingi kwamba watu hawa hujenga bila mpango, kwa silika, kwa kukadiria, na husemwa kama sifa. Si sifa. Anayegongomea kigingi cha leo akikwepa kigingi ambacho bado ni mti msituni hakadirii kitu. Anao mpango ulio kamili kuliko karatasi, kwani karatasi haimwambii mkono uelemee kiasi gani.

Usitarajie makumbusho, hata hivyo. Keekee za umeme zinazunguka, nyaya zimetambaa mchangani kwa namna ya kumtia mtu hofu, na vijana wanafanya kazi huku simu zinaimba. Tezo bado ipo, na mwenye kuijua anaifuta kwenye suruali kabla ya kuiweka chini, lakini hakuna anayeona haya kutumia mashine. Waliobobea kwetu Nungwi hawana haya hiyo pia.

Kabla ya mbao zote hizo kuna mkuku, na mkuku una sheria zake. Kwa mila, mti wake hukatwa siku ya tano au ya saba ya mwezi, namba zinazohusishwa na riziki. Siku ya kuulaza, ncha zake mbili hukatwa. Kipande cha mbele hutupwa baharini. Kipande cha nyuma hupelekwa nyumbani kikahifadhiwa. Mbele ni mume aendaye, nyuma ni mke angojaye, ndivyo watakavyokueleza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza kahawa chini ya kivuli cha jahazi alisikia ninaelezwa hayo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaendelea kuosha vikombe. Kungoja kwao si kukaa bure: Bira ni mji wa wafumaji, na wanaume walipokuwa baharini kwa miezi, vitambaa walivyofuma wake zao ndivyo vilivyotia chumvi chunguni.

Chanzo cha kazi hii wanakitaja kwa hekaya. Mwana wa mfalme, Sawerigading, ambaye masimulizi yake yamo katika utenzi mrefu wa Wabugi uitwao La Galigo, alikwenda ng'ambo kwa jahazi la ajabu akaapa kutorudi. Alirudi. Bahari ikalivunja jahazi, vipande vikatapakaa, watu wa kijiji cha Ara wakaokota kiwiliwili wakawa waundaji, watu wa Bira wakaokota matanga na kamba wakawa mabaharia. Mimi huiona hekaya hii ni ya busara kwa sababu haimpi mtu mmoja chombo kizima.

Na jina? Dunia inaviita vyombo hivi pinisi, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikitaja kwamba kama asilimia 70 ya watu wa Tana Beru, Bira na Batu Licin huishi kwa kazi za vyombo na bahari. Lakini mzee wangu alikunja uso. Pinisi ni matanga, alisema, ni namna ya kuyafunga: milingoti miwili, matanga saba. Mwili una majina mengine. Ni kama mgeni aliyefika Unguja akaita kila chenye tanga dau, awe ameona mashua, jahazi au ngalawa. Serikali yao, kwa upande wake, haikusumbuka na tofauti hizo. Ilichapa picha ya pinisi kwenye noti ya rupia 100 ya mwaka 1992, na mwaka 1986 pinisi moja, Phinisi Nusantara, ilikuwa imeivuka Pasifiki hadi Vancouver kwa maonyesho ya dunia.

Kabla ya pinisi palikuwa na padewakang, chombo kilichosafiri kila mwaka kutoka Makassar hadi pwani ya kaskazini ya Australia kuvua jongoo bahari kwa ajili ya soko la China, safari zilizokoma 1907. Nilipoelezwa hayo nilimwona babu yangu mdogo akikausha jongoo bahari juu ya mkeka, asijue kwamba mkono wa mnunuzi ni ule ule. Na si hilo tu. Watu wenye asili ya visiwa hivi walifika Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wataalamu wengi huitazama ngalawa yetu, na matengo yake mawili, kuwa ni ndugu wa mitumbwi ya huku. Nilipowaona vijana wakipaka chokaa iliyokandwa na mafuta ya nazi kwenye viungo vya mbao, sikuuliza ni nini. Kwetu ni deheni.

Wateja wamebadilika. Zamani vyombo hivi vilibeba mchele, mbao na saruji kati ya visiwa, na bado utaviona Sunda Kelapa, bandari kongwe ya Jakarta, vikipakuliwa kwa ubao mwembamba na migongo ya watu. Tangu miaka ya 1970 vilitiwa mashine, na matanga yakapungua. Siku hizi agizo kubwa hutoka kwa wenye biashara ya utalii: jahazi lenye vyumba vya kulala na bafu la maji moto, la kupeleka wazamiaji Labuan Bajo na Raja Ampat. Nilitamani kulalamika. Kisha nikatazama: vigingi ni vile vile, mfuatano wa mbao ni ule ule, na kijana anayejifunza pahala pa taruma analipwa. Kinachonitia shaka zaidi ni mti. Magogo mengi sasa hutoka mbali, hasa Sulawesi ya Kusini-Mashariki, na kila mwaka mazungumzo ya ufukweni huanzia kwenye bei yake.

Nilikwenda kwa siku mbili, nikakaa sita, kwa sababu nilisikia kuna chombo kitashuliwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo hufanyika ammossi, kutia kitovu. Katikati ya mkuku, panrita lopi hutoboa tundu dogo. Huyu alisema maneno yake kwa sauti ambayo ni chombo tu kilichoisikia, na unga wa mbao uliotoka tunduni haukuachwa uanguke ovyo. Tangu hapo chombo kina kitovu, kimezaliwa. Huchinjwa mbuzi kwa kidogo, ng'ombe kwa kikubwa. Hiki kilipata ng'ombe, na sote tukala.

Zamani watu wa mji mzima walishika kamba, kiongozi akaimba, wakavuta. Sasa wanatumia minyororo na kapi za chuma, watu wachache, na kazi inakwenda kwa siku kadhaa ikifuata maji kujaa na kupwa. Nilivuta kidogo, wakaniachia kwa adabu, kisha wakanipa kahawa. Jioni chombo kilikuwa kimesogea kiasi ambacho jicho halikioni. Nilichomeka kijiti mchangani sambamba na ncha ya fashini ya mbele, nikaenda kulala.

Usiku maji yalijaa, walivuta bila mimi. Asubuhi gari lilikuwa limejaa na dereva anapiga honi. Nilikimbia hadi ufukweni. Kijiti kilikuwa kimepitwa kwa mapana ya viganja vitatu. Mtoto mmoja aliyeketi juu ya kipande cha ubao alinitazama, akashuka, akakichomoa, akakichomeka upya mbele ya chombo, akarudi kuketi.